Hodari wa Karatasi, Mchanga wa Stima: Wakala wa Mombasa Anayetafutia Nordic Mafundi wa Vituo vya Data

Nyota tatu kati ya tano. Mbili ni za makaratasi, ambayo ofisi hii inayashughulikia vizuri kuliko nyingi za hapa kisiwani. Ya tatu ni kwa sababu haimtozi mwombaji ada ya kutafutiwa kazi. Zilizobaki tumezizuia hasa kwa kosa moja, nalo ni kosa linalogusa roho ya kazi yenyewe: wakala huyu anatafuta mafundi wa vituo vya data, yaani majengo yanayohifadhi seva, kana kwamba anatafuta watu wa kompyuta.

Jina lake hatulitaji. Kosa hilo wanalo mawakala wengi, na kwa haya tutakayoeleza msomaji ataweza kumpima yeyote atakayemkuta.

Huduma yenyewe iko hivi. Unapeleka vyeti na wasifu, unajaza fomu, unafanyiwa usaili wa awali kwa Kiingereza, kisha majina yanatumwa kwa waajiri wa Uswidi na Ufini, na mara mojamoja Norwe na Denmark. Nafasi ni za aina tatu: mafundi umeme wa wakati wa ujenzi, mafundi wa uendeshaji wanaotunza stima na baridi kituo kikishawashwa, na mafundi wa seva na faiba. Ukikubaliwa, ofisi inafuatilia mkataba, kibali na safari.

Waajiri wa huko wanatafuta watu mbali hivi kwa sababu vituo vyao vilifuata baridi, umeme na ardhi, havikufuata watu. Facebook, ambayo sasa ni Meta, ilifungua kituo Luleå, kaskazini mwa Uswidi, mwaka 2013. Google ilinunua kiwanda kikuukuu cha karatasi huko Hamina, Ufini, mwaka 2009. Kituo kilichoanza kazi humo mwaka 2011 kinapozwa kwa maji ya bahari. Kompyuta kubwa ya LUMI iko Kajaani, nayo katika eneo la kiwanda cha karatasi kilichofungwa. Kule Norwe, kisiwani Rennesøy, seva zimepangwa ndani ya mlima uliokuwa ghala la silaha la NATO. Miji hii ni midogo. Mjenzi akihitaji mafundi umeme kwa mamia, hawapati mtaani.

Na anaowataka kwa wingi ni mafundi umeme na mafundi wa baridi. Ndani ya kituo cha data, seva ni mzigo tu. Umeme mkubwa unaingia kwenye transforma, unapita kwenye swichigia (makabati ya kukatia na kugawia umeme), unaingia kwenye UPS (mashine ya akiba yenye betri), halafu unagawanywa hadi kwenye raki, na kila hatua ina pacha wake au ina akiba ya moja. Stima ya nje ikikatika, betri za UPS hubeba mzigo kwa dakika chache. Jenereta zinatarajiwa ziwake na kushika mzigo ndani ya sekunde kumi na kitu. Jenereta ikikataa kuwaka, cha kwanza kuangaliwa ni betri ya stata, kwa sababu hiyo ndiyo inayoangusha jenereta nyingi za akiba, wala si injini. Cha pili, kwenye nchi za baridi, ni hita ya maji ya injini. Kifaa hicho jenereta nyingi za Mombasa hazina haja nacho. Luleå kikifa usiku bila mtu kuona taa yake, injini iliyolala kwenye baridi haitaweza kubeba mzigo mzima mara tu iwakapo. Cha tatu ni mafuta. Dizeli ya kawaida hutoa nta baridi ikizidi, nta ikaziba chujio, kwa hiyo matangi hujazwa dizeli maalumu ya majira ya baridi. Vituo vingine vimehamia HVO, dizeli inayotengenezwa kwa mafuta ya mimea na mabaki ya mafuta ya kupikia.

Kupoza nako kumepinduka. Hapa kwetu chila, ile mashine kubwa ya kupoza maji, haina likizo. Kule, sehemu kubwa ya mwaka hewa au maji ya nje ndiyo yanayofanya kazi na kompresa zinapumzika. Mwongozo wa ASHRAE, chama cha wahandisi wa kupoza cha Marekani, unapendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27 za selsiasi. Taabu ya Januari ni hewa iliyo baridi mno na kavu mno, na ukavu huzaa umeme tuli unaoua vipuri. Kwa hiyo vilango vya hewa huchanganya hewa moto inayotoka nyuma ya seva na ile ya nje. Kilango kikiganda kwa barafu, au theluji ikiziba mdomo wa hewa, mchanganyiko unaharibika na kengele zinaanza. Koili ya nje yenye maji yasiyo na glaikoli (kizuia-kuganda) ya kutosha hupasuka. Anayeyatatua haya ni mtu wa spana, vali na mita.

Sasa itazame fomu ya wakala wetu. Inauliza kuhusu CCNA (cheti cha mitandao ya kompyuta), Windows, Linux, na lugha za programu unazozijua. Kwa fundi wa seva, sawa. Kwa zile aina mbili za kwanza, ambazo ndizo nyingi kwenye orodha yake mwenyewe, maswali hayo hayana kazi. Hakuna mahali pa kuandika umefanya kazi kwenye swichigia ya volti ngapi, kama unasoma mchoro wa umeme wa mstari mmoja, kama umewahi kupima insulesheni kwa mega (mita ya upinzani), kukaza viungio kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), au kuendesha jaribio la jenereta kwa mzigo bandia. Matokeo yake, kijana mwenye diploma ya kompyuta ambaye hajawahi kufungua paneli anapelekwa kwenye usaili wa fundi wa uendeshaji, anakwama swali la tatu, na mwajiri anaanza kusema Mombasa hakuna watu.

Watu wapo, tena matatu moja tu kutoka ofisini kwake. Bandari ya Kilindini na yadi za makontena zimelea mafundi wa rifa, yaani makontena yenye friji. Rifa moja huchomekwa kwenye plagi ya fezi tatu ya ampea 32, ina kompresa, feni za kondensa na za evaporeta, vihisi joto, na kidhibiti kinachotunza kumbukumbu ya kila saa. Fundi wake hufanya ukaguzi wa kabla ya safari, anapima presha pande zote mbili, anatafuta uvujaji kwa naitrojeni, anavuta vakyumu kabla ya kurudisha gesi, anabadilisha kontakta na kufuatilia hitilafu ya waya juani, mzigo wa mtu ukiwa ndani unasubiri kuoza. Ukimtoa hapo ukamweka mbele ya mashine ya kupoza chumba cha seva, atakuta mzunguko uleule wa gesi na nidhamu ileile ya kumbukumbu. Ongeza mafundi wa jenereta za hoteli za Nyali na Diani, mafundi umeme wa meli, na wa kreni. Fomu haimuulizi hata mmoja wao.

Fundi huyu huachwa nje kwa sababu ya karatasi, na wakala mwenye akili angeanzia hapo. Kwanza, wengi wamejifunza kazini na hawana cheti. NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwanda, hutoa majaribio ya ufundi kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza, na aliyekaa kazini miaka mingi anaweza kufanyiwa mtihani bila kurudi darasani muda mrefu. Fundi umeme awe pia na leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, ya daraja linalolingana na kazi yake. Pili, kuna cheti cha gesi za friji. Sheria ya Ulaya, Kanuni 2024/573 iliyochukua nafasi ya ile ya 2014, inamtaka kila anayefungua mzunguko wa gesi zenye fluorini awe na cheti cha huko. Cheti cha Kenya hakitambuliki kwa kazi hiyo hata ukiwa na uzoefu wa miaka ishirini, na Norwe na Aisilandi, ingawa haziko ndani ya Umoja wa Ulaya, zinafuata mfumo huo. Mtihani una nadharia na vitendo, na mwajiri makini huulipia wiki za mwanzo. Wakala tunayemtathmini hakuwa na jibu la nani anaulipia. Swali hilo liulizwe kabla ya kutia sahihi, kwa sababu bila cheti fundi wa baridi atabaki kubadilisha vichujio na kufuta vumbi.

Mafunzo ya kabla ya usaili yanayotolewa na ofisi ni ya adabu za kuzungumza na jinsi ya kukaa mbele ya kamera. Hayadhuru. Lakini kinachompitisha au kumkwamisha mtu ni usalama wa umeme. Kiwango cha EN 50110, kinachotumika kote huko, kina hatua tano kabla ya mkono kugusa chochote: kukata umeme wa sehemu hiyo kabisa, kufunga kwa kufuli na lebo ili mwingine asiurudishe, kuthibitisha kwamba hakuna umeme, kuunganisha fezi pamoja na ardhi, kisha kukinga sehemu za jirani ambazo bado ziko hai. Mwombaji wetu wa kawaida hujibu, "Nazima breka, naweka tesa, naanza." Hapo ameshaanguka. Hata hiyo tesa ina utaratibu: inajaribiwa kwanza kwenye chanzo kinachojulikana kuwa na umeme, inapimwa penye kazi, halafu inarudishwa kwenye kile chanzo, kwa maana tesa inaweza kufa katikati. Jambo la dakika tano kufundisha, na ofisi haifundishi.

Norwe ina mtego wake. Maeneo mengi bado yana mfumo wa umeme uitwao IT (hauhusiani na kompyuta), wa volti 230 usio na nyutro. Volti 230 unaipata kati ya fezi na fezi. Fundi wa Mombasa amezoea 240 kati ya fezi na nyutro, 415 kati ya fezi mbili, na mkono wake umejifunza kwamba waya mmoja ni moto na wa pili ni mpole. Kwenye soketi ya IT zote mbili ni moto; ukikata upande mmoja, wa pili bado unaua. Tena hitilafu ya kwanza ya fezi kugusa ardhi haiangushi breka, inawasha tu kengele, na anayeipuuza anangojea ya pili. Vituo vipya hujengwa kwa volti 400 zenye nyutro, lakini jengo la ofisi lililo kando lisikudanganye.

Kwa mafundi wa faiba maneno ni machache. Mombasa ni mahali kebo za bahari zinapotua, kuanzia SEACOM na TEAMS mwaka 2009, na mafundi wa kuunganisha wapo wazuri. Wanachokosea ni mazoea ya nje kuletwa ndani: ndani ya kituo kila ncha inakaguliwa kwa hadubini na kusafishwa kabla ya kuchomekwa, hata kama imetoka kwenye mfuko sasa hivi. Viungio vya MPO, vinavyobeba nyuzi nyingi kwa pamoja, vina mpangilio wa nyuzi wa A, B au C. Ukichanganya aina kwenye njia moja, taa inafika lakini inafika mlango usio wake, na utapoteza zamu nzima ukidhani kifaa kimekufa. Lebo ziwe pande zote mbili. Basi.

Tuje kwenye karatasi, ambako ofisi hii inajua kazi yake.

Leseni yake kutoka NEA, mamlaka ya ajira ya taifa, imebandikwa ukutani na ukiitafuta kwenye orodha ya NEA mtandaoni unaikuta; usikubali wakala wa kukuonyesha nakala ya simu. Mkataba wa kazi ya nje hupewi uutie sahihi juu ya kaunta. Unapelekwa kwa ofisa wa kazi ili authibitishe, kama Sheria ya Ajira ya 2007 inavyotaka. Cheti cha tabia njema unaelekezwa eCitizen na Huduma Centre, bila mtu wa katikati. Na kuna jambo moja dogo lililotupendeza. Waajiri wa vituo vya data huchunguza historia ya kazi ya miaka iliyopita na hawapendi mapengo. Fundi wa jua kali hana barua za kila mahali alipofanya kazi. Ofisi humwambia achukue taarifa yake ya michango ya NSSF, ambayo inaonyesha mwezi kwa mwezi nani alimwajiri, na penye pengo aandike kwa ufupi alikuwa akifanya kazi ya nani, na nambari ya simu ya mteja. Mapengo ya watu wengi yamezibwa kwa njia hiyo.

Vibali wanavielewa pia, nchi kwa nchi. Uswidi, mwajiri ndiye anayeanzisha ombi mtandaoni kwa Migrationsverket, idara ya uhamiaji, mwombaji analimalizia. Mshahara na bima lazima vilingane na makubaliano ya chama cha wafanyakazi au desturi ya fani: bima ya afya, ya maisha, ya ajali kazini, na akiba ya uzeeni. Kuna pia kima cha chini cha mshahara kwa kibali, ambacho Novemba 2023 kilipandishwa hadi asilimia 80 ya mshahara wa kati wa nchi, na tarakimu yake husogea takwimu mpya zikitoka, kwa hiyo ofa iliyoandikwa mwaka jana inaweza kukataliwa mwaka huu. Kesi za namna hii zinatokea. Ufini, mwombaji hufungua ombi mwenyewe kwenye tovuti ya Enter Finland, mwajiri anaongeza sehemu yake, halafu uamuzi una hatua mbili: mamlaka ya ajira huangalia masharti ya kazi na kama kuna watu wa karibu wa kuifanya, kisha Migri, idara ya uhamiaji, hutoa neno la mwisho. Denmark ina orodha ya fani zenye upungufu wa watu inayofanyiwa marekebisho mara mbili kwa mwaka, Januari na Julai. Fani yako ikitoka kwenye orodha kabla hujatuma, njia hiyo imefungwa. Norwe inataka elimu ya ufundi inayolingana na yao, na fundi umeme lazima atambuliwe kwanza na DSB, idara inayosimamia usalama wa umeme huko. Huo ni mlango mwembamba, na wakala anasema hivyo waziwazi badala ya kumpa mtu matumaini. Kwa alama za vidole utapanda gari moshi kutoka Miritini hadi Nairobi, hilo halina njia ya mkato.

Uswidi ndiyo rahisi zaidi kwa fundi umeme mgeni, na sababu yake inafaa kujulikana. Chini ya sheria ya usalama wa umeme iliyoanza Julai 2017, si lazima kila fundi awe na idhini yake mwenyewe. Kampuni ndiyo husajiliwa, huwa na mtu mwenye idhini, na mafundi wengine hufanya kazi ndani ya mpango wake wa kujikagua. Ufini utahitaji mafunzo ya usalama wa umeme ya SFS 6002, yanayorudiwa kila miaka mitano, na kadi ya usalama kazini. Norwe mafunzo ya namna hiyo, yaitwayo FSE, ni kila mwaka, pamoja na huduma ya kwanza.

Hata hivyo karatasi zina tundu moja, nalo linaonekana mtu akishafika. Huwezi kuingia kwenye eneo la ujenzi bila kadi ya mjenzi: ID06 Uswidi, kadi ya HMS Norwe, kitambulisho chenye nambari ya kodi Ufini. Kadi hizo zinasubiri nambari ya utambulisho inayotolewa na serikali ya huko. Ombi la nambari lisipoanzishwa mapema, fundi anakaa kwenye chumba cha kupanga akitazama theluji. Mkataba wa ofisi hii unasema mshahara unaanza "siku ya kwanza kazini". Maneno hayo yabadilishwe yawe siku ya kuwasili, au siku inayotajwa kwa tarehe. Tuliwauliza, walikiri kwamba hilo hubadilishwa kwa anayeuliza. Basi kila mtu aulize.

Pesa. Uswidi, Ufini na Norwe zote zinakataza kisheria kumtoza mtafuta kazi kwa kumtafutia kazi. Wakala akisema ada yake "inatakiwa na mwajiri wa Sweden", huo ni uongo. Gharama zako halali ni pasipoti, tabia njema, uchunguzi wa afya, nakala zilizothibitishwa na nauli ya Nairobi. Ada ya kibali na tiketi zitajwe kwenye mkataba ni za nani. Mtu akikutaka utume M-Pesa kwa nambari binafsi ili "akushikie nafasi", nafasi hiyo haipo. Ofisi hii haifanyi hivyo, na risiti zake zina jina la kampuni.

Wanapoharibu ni kutangaza mshahara kwa shilingi, kabla ya kodi, kwa herufi kubwa. Fundi anazidisha, anaona nyumba ya ghorofa Bamburi. Kodi ya manispaa Uswidi ni wastani wa kama asilimia 32, ingawa kuna makato yanayoipunguza. Toa hapo pango, chakula, usafiri. Dai waandike kwa sarafu ya huko, baada ya kodi, na waonyeshe kama nyumba inakatwa kwenye mshahara na kwa kiasi gani. Angalia pia marupurupu ya zamu za usiku na wikendi, saa za ziada, nguo za baridi na vifaa vya kinga, ambavyo ni mzigo wa mwajiri. Muda wa majaribio huko hauzidi miezi sita.

Uliza nani hasa ni mwajiri. Kuna kampuni yenye kituo, kuna mkandarasi, na kuna kampuni ya kukodisha wafanyakazi. Norwe imepiga marufuku tangu Aprili 2023 kukodisha wafanyakazi kwa kazi za ujenzi katika Oslo na mikoa ya jirani, kwa hiyo mkataba wa kukodishwa kwenye ujenzi wa kituo cha data pale Oslo una kasoro tangu mwanzo. Na ujue kibali kinaishi kwa kazi. Ufini, kwa sheria iliyoanza Juni 2025, aliyepoteza kazi ana miezi mitatu kupata nyingine, au sita kwa mtaalamu au aliyekaa zaidi ya miaka miwili. Mkandarasi akimaliza mradi Machi, hesabu inaanza. Ofisi hii haina utaratibu wa kumfuatilia mtu baada ya miezi ya mwanzo. Kuna kundi la WhatsApp, nalo zaidi ni salamu.

Jambo moja halimo kwenye kijitabu chao cha safari, na linapaswa kuwa ukurasa wa kwanza kwa mtu wa Pwani. Miraa na muguka ni dawa za kulevya kisheria Uswidi, Norwe, Denmark na Ufini. Usibebe hata kijiti mfukoni mwa koti. Hatia ya namna hiyo inakula kibali, na mlinzi wa kituo cha data hatakupokea tena.

Nani aende kwa wakala huyu sasa hivi? Fundi umeme mwenye cheti, leseni na Kiingereza cha kazini, anayelenga Uswidi au Ufini: nenda, karatasi zako ziko mikono mizuri. Mtu wa seva: nenda, lakini ushindani ni mkubwa na watu wa ndani ya Ulaya wako karibu zaidi. Fundi wa rifa au wa jenereta: nenda pia, ila fomu usiijaze kama ilivyo. Ambatisha karatasi moja yako. Usijiite "fundi friji". Andika aina za mashine ulizozitunza na kidhibiti chake, volti na ampea, aina ya gesi, idadi ya mashine zilizokuwa chini yako kwa zamu moja, hitilafu ulizozitatua bila kuita msaada, na kazi za kumbukumbu ulizofanya. Kwa jenereta andika kilowati, aina ya swichi ya kubadilisha chanzo, mara ngapi ulizijaribu kwa mzigo na ulichokipima. Kisha omba karatasi hiyo itumwe kwa mwajiri ikiwa imeshikanishwa na fomu, na usiondoke mpaka umeona barua pepe ikitoka.